Pangaboi, Kitenge na Baba Mkwe

Jumatatu, 12 Mei

"Ndege yenye panga puani ni feni iliyopewa leseni." Kaandika Kapteni Edgar, rubani wa jeti. Kwenye grupu la kampuni! Mbele ya mafundi, wahasibu na mama wa chai. Watu wakacheka. Hata mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kupanda chochote chenye mabawa.

Uongo. Tena uongo wa mtu mvivu wa kusoma. Ndani ya pua ya pangaboi, ndege yangu ya panga, mna injini ya jeti ileile. Inavuta hewa, inaibana, inachoma mafuta. Tofauti ni moja tu. Jeti inautapika moto wake nyuma na kukimbia. Pangaboi linaushika moto huo na kuufanyisha kazi ya kuzungusha panga. Jeti ni tajiri anayemwaga chakula. Pangaboi ni mama anayejua kupika mpaka kiporo kikasifiwa na wageni.

Na itue wapi hiyo jeti yake? Inataka lami ndefu, kavu, iliyofagiliwa. Ikiona changarawe inaugua. Pangaboi langu limetua kwenye udongo, kwenye nyasi, na mara moja kando ya mnada wa ng'ombe, ambako tulipokewa vizuri kuliko Zanzibar.

Nikayaandika yote hayo kwenye grupu. Aya saba, zenye vichwa vya habari. Edgar kanijibu kwa dole gumba. Dole gumba!

Jioni Bi Somoe, mwenye kampuni, akatuita ofisini. Ni mwanamke wa Kinondoni, wa pwani hasa, sauti ya upole na maamuzi ya panga. Akasema Edgar, Adelard, wanangu, mie nawapenda nyote, lakini hili pangaboi kazi yake siku hizi ni kukaa ndani kama mwari. Wiki hii anakuja Mzee Lusungu, mwenye mashamba ya mpunga huko Usangu. Anataka ndege ya kukodi mwaka mzima. Kesho atapanda jeti, Alhamisi atapanda pangaboi, kisha achague. Akilichagua pangaboi, linabaki. Asipolichagua, yuko mnunuzi Nairobi. Jeti haina wasiwasi, ina watalii wake.

Nina miaka hamsini na miwili. Leseni yangu ni ya pangaboi. Hakuna kampuni itakayonipeleka kusomea jeti leo. Likiuzwa, kazi yangu imekwisha. Ndege ina mnunuzi Nairobi. Mie sina.

Basi. Vita.

Jumanne, 13 Mei

Edgar kampeleka Mzee asubuhi hadi uwanja wa Songwe. Nilisimama kwenye banda la ndege nikiitazama jeti ikipanda. Nyeupe, nyembamba, pua juu. Nakiri hapa, mahali ambapo Edgar hatasoma: ilipendeza sana. Nikakasirika.

Karudi mchana na miwani yake myeusi. Anatangaza kwa kila mtu kwamba Mzee kalala usingizi njia nzima, kama mtoto mgongoni, na kwamba raha ndiyo hiyo, braza. Nikamwambia mtu hakodi ndege mwaka mzima ili alale, kitanda anacho. Nikamuuliza Edgar, Mzee kafikaje shambani kutoka Songwe? Kwa gari! Saa kadhaa za barabara, tena nyuma ya malori! Jeti haifiki shambani. Edgar akasema ana simu, akaondoka akiongea na simu ambayo haikuwa imeita.

Mpango wangu ni huu. Nitaongea. Nimeandaa hoja kumi na nne za kulitetea pangaboi, na Mzee atazisikia zote angani, asikokuwa na pa kukimbilia. Ili niwe huru kugeuka nyuma na kuongea, ndege itarushwa na Tupokigwe.

Huyu ni rubani wangu msaidizi. Mnyakyusa, mama wa mtoto mmoja, maneno machache. Sijawahi kumwambia, na sitamwambia, maana kichwa kitavimba: mwanamke huyu anatua kama mtu anayeweka yai mezani. Upepo wa pembeni anausikia kabla mie sijausoma kwenye vipimo vya ndege. Ana sifa zote za kuwa kapteni. Kinachokosekana ni kiti cha kushoto, cha kapteni, na kiti cha kushoto nimekikalia mie.

Halafu, siri. Edgar ana masikio kila mahali, hasa kwenye chai. Mteja anamjua, lakini sitaki ajue lolote jingine la safari yangu. Karatasi zote nimeandaa mwenyewe, na mahali pa jina la abiria nimeandika "Mteja Maalumu". Tupokigwe kaniuliza ni nani. Nikamwambia ni siri ya kibiashara. Akaniangalia kama anavyoiangalia taa nyekundu inayowaka bila sababu.

Jumatano, 14 Mei

Nimeifanyia hotuba mazoezi uani, hapa kwangu Chamazi. Hoja ya kwanza mpaka ya nane, kwa sauti. Jirani yangu Nassibu, wakala wa mizigo pale Kurasini, kachungulia juu ya ukuta kauliza braza, ndo umeingia siasa? Nikamwambia naitetea teknolojia dhidi ya ujinga. Akasema haya, ila kuku wake wamegoma kula. Nikaendelea na hoja ya tisa, ambayo ndiyo naipenda kuliko zote: Uwazi. Katika pangaboi letu hakuna mlango kati ya rubani na abiria. Abiria anawaona marubani, anaona mikono yao, akitaka anawagusa bega. Hakuna siri! Jeti wana mlango. Wanaficha nini?

Tatizo dogo. Kiti cha abiria cha mbele kimechanika, sponji inachungulia. Mke wangu Yuliana ana kitenge kipya kabatini, hakijashonwa, cha jubilei ya parokia. Kizito, kizuri, rangi ya dhahabu, katikati picha kubwa ya Padri akitabasamu. Nimekiazima. Hajui. Nitakirudisha kesho jioni kabla hajakitafuta.

Nimejifunza pia salamu za Kinyakyusa, lugha ya Mzee, kutoka kwa fundi wetu. "Mugonile" kusalimia. "Ndaga" kushukuru. Edgar hazijui hizi.

Alhamisi, 15 Mei

Nianzie wapi!

Mzee Lusungu, aliyerudi Dar jana usiku, kafika asubuhi. Mrefu, suti ya kijivu, kofia, mwavuli mkononi ingawa mawingu yalikuwa Kigamboni huko. Nikampa shikamoo, kisha Mugonile. Akafurahi, akanijibu maneno mengi mno. Sikuelewa hata moja. Nikasema ndaga. Akaongeza mengine. Ndaga tena. Baadaye nimeambiwa alikuwa ananieleza kwamba mguu unamuuma.

Ikafika zamu ya mizani. Katika ndege ndogo kila abiria hupimwa uzito, yeye na mzigo wake, ndipo tujue nani akae wapi. Nikaona ni aibu kumpandisha mtu mzito namna ile kwenye mizani. Nikamwambia Mzee, wewe huhitaji, nitakadiria tu.

Sauti ikatoka ndani ya ndege. Tupokigwe, alikuwa anaandaa mitambo, mtu haonekani. Kapteni, hatukadirii! Abiria wote wapande mizani, awe nani awe nani! Na huo mzigo wake pia!

Nikataka kuzama ardhini. Mzee akacheka. Akasema huyo ndiye mtu, hata kwenye mashine yake ya kukoboa hakuna kukadiria. Akapanda na mwavuli wake. Tupokigwe akatoa kichwa mlangoni ili asome mshale.

Akamwona. Akaonwa.

Sijapata kuona kitu kama kile. Kichwa cha Tupokigwe kilipotea kama kimevutwa na kamba. Mzee akageuka mgongo palepale juu ya mizani, akafungua mwavuli, pakavu hivyo, akajificha nyuma yake. Mshale ukawa unacheza.

Nikakimbilia ndani. Tupokigwe kajikunja kitini, koti kichwani. Akanong'ona Kapteni umeniua. Yule ni baba mkwe wangu. Kwao mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja. Hawazungumzi. Mzee akipita mlango huu, yeye hutokea ule. Tangu aolewe, kila Krismasi, anakula jikoni. Na leo, akanong'ona, nimempandisha mizani kama gunia la mpunga wake! Kwa nini hukuniambia jina?

Nikamkumbusha kuhusu siri ya kibiashara. Akasema neno la Kinyakyusa ambalo halikuwa ndaga.

Miaka mitatu narusha naye! Nimemweleza historia yote ya usafiri wa anga, pamoja na maoni yangu. Sikuwahi kumuuliza kaolewa kwa nani.

Nikatoka. Mzee, kutoka nyuma ya mwavuli, akaniambia kwa heshima kwamba hawezi kupanda. Alijua mke wa mwanawe anafanya kazi uwanja wa ndege. Alidhani anakata tiketi. Akauliza kama kuna mlango kati ya marubani na abiria, kama ule wa jeti ya juzi. Nikatazama ndani, ingawa najua. Hakuna. Uwazi! Hoja ya tisa, mtoto wangu kipenzi, imenigeukia.

Na hapo ndipo akatokea Edgar. Sijui kasikiaje. Miwani myeusi, funguo zinalia mkononi. Shikamoo Mzee, jeti ipo tayari sasa hivi, na mlango tunao, wa kufunga kabisa. Akanitazama. Akanikonyeza.

Pangaboi langu likaniona nalitazama. Naapa liliniona.

Kitenge! Nikakichomoa kitini, nikakifunga nyuma ya migongo yetu, kutoka dirisha la kushoto mpaka la kulia, kwa tai yangu na kamba za viatu vya Tupokigwe. Kikafunika kila kitu. Nikamwita Mzee aje aone kwamba haoni. Akaingia kinyumenyume, mwavuli wazi, ukanasa mlangoni, ukatoka, akaketi. Mbele yake, upana wa meta nzima, Padri anatabasamu. Mzee ni Mmoraviani, si Mkatoliki. Akamtazama Padri, akavua kofia, akafunga mkanda.

Edgar alibaki kwenye lami anazidi kuwa mdogo.

Tulipokaa sawa angani nikatoa hoja zangu mfukoni, nikafunua pembe ya kitenge. Hoja ya kwanza, Mzee wangu! Akanyanyua kidole. Akaniomba ninyamaze kidogo, anasikiliza injini. Akafumba macho. Akasema injini hii inaimba kama mashine yake ya kukoboa siku mpunga ni mkavu. Hoja kumi na nne, na yeye kaniwahi kwa moja bora kuliko zote! Nikaiandika kiganjani.

Kisha akauliza. Kapteni, muulize rubani wako, milima ile ni ipi?

Tupokigwe yuko hatua moja mbele yake. Kamsikia vizuri. Lakini macho mbele, shingo imekaza. Kapteni, mwambie abiria ni Uluguru.

Nikageuka. Mzee, ni Uluguru.

Mzee, ambaye naye alishasikia, akasema aaa.

Muulize kasomea wapi kazi hii. Mwambie Afrika Kusini, mume wangu aliuza gari ili nisome. Muulize gari lipi. Mawingu mawili yakapita. Mwambie lile alilopewa na baba yake.

Nikageuka. Mzee, ni lile alilopewa na baba yake.

Nilidhani atatuamuru tumrudishe Dar. Badala yake nyuma ya Padri kikaanza kicheko. Cha chini kwanza, kisha kikubwa, mpaka kitenge kikatikisika na Padri naye akaonekana anacheka. Mwambie rubani wako mwanangu aliniambia liliibiwa Ubungo! Nikamwona Tupokigwe anauma mdomo ili asicheke mbele ya mkwe, yaani nyuma ya mkwe, sijui tuseme nini.

Wakaendelea hivyo njia nzima. Hali ya mjukuu, Lulu. Kisa cha Tupokigwe kutoogopa radi. Habari za pilau la Krismasi, kumbe Mzee alijua siku zote nani kalipika. Wanasikiana neno kwa neno, nami katikati nageuka mbele na nyuma mpaka shingo ikafunga. Nikajaribu kupenyeza hoja ya pili. Tupokigwe akasema Kapteni, geuka mbele, unisomee orodha ya kutua.

Kiwanja cha shambani kilikuwa udongo ulionyeshewa, mweusi, mfupi. Ng'ombe wamelala katikati kama kwao. Tukapita chini mara moja kuwaondoa. Wakaondoka bila haraka. Akazunguka, akaja tena, upepo unasukuma kutoka kwenye majaruba ya mpunga. Nilishika magoti yangu mwenyewe. Sikumsaidia chochote, sikuhitajika. Akaweka magurudumu mwanzo kabisa wa udongo, laini. Akageuza panga livute nyuma. Pangaboi likanguruma, tope likaruka mpaka juu ya bawa, na tukasimama pakiwa pamebaki nafasi ya kutosha kucheza mpira. Jeti ya Edgar ingekuwa inaoshwa mtoni sasa hivi. Nimerusha nusu ya maisha yangu. Sijawahi kutua vile. Nasema hapa na si kwingine.

Nyuma mwavuli ukagonga sakafu.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, Mzee akasema.

Si kupitia kwangu. Moja kwa moja.

Tupokigwe akageukia dirisha lake akatazama ng'ombe muda mrefu. Sikuombwa nipeleke jibu. Kwa mara ya kwanza leo nilinyamaza bila kuambiwa.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee Lusungu kachagua pangaboi! Mwaka mzima! Bi Somoe kanipigia simu mwenyewe. Niliruka jikoni mpaka Yuliana akauliza kama nimekanyaga moto. Linabaki! Mnunuzi wa Nairobi akanunue feni!

Nikaanza kumwandikia Edgar aya ya kwanza. Bi Somoe akaniambia njoo ofisini kwanza, kuna masharti.

Sharti la kwanza, kapteni wa ndege hiyo awe mke wa mwanawe. Mzee kasema hawezi kumkabidhi roho yake mtu anayerusha huku katazama nyuma. Sharti la pili, kitenge kibaki palepale kilipo. Mila ni mila, na Padri kamzoea. Sharti la tatu, kwa kuwa kapteni na mteja hawawezi kuzungumza, kiti cha kulia akae mtu wa kupokea maneno na kuyapeleka. Mzee kanitaja mie. Kasema yule bwana anayependa kusema.

Nikapinga! Nikasema Bi Somoe, miaka yote hii nimekaa kushoto, nikae kulia kama mwanafunzi? Nikamtajia haki, heshima, historia ya vyama vya wafanyakazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai. Akauliza kwani baba, ulitaka pangaboi libaki, au kiti?

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa zuri.

Tupokigwe alikuwa nje. Kasema Kapteni, samahani. Bado ananiita Kapteni. Nikampa mkono. Anastahili. Anastahili kuliko mtu yeyote ninayemjua, pamoja na mtu ninayemfahamu kwa karibu zaidi. Nimeliandika mara moja, inatosha.

Kwenye grupu Edgar kaandika: hongera sana Kapteni Tupokigwe. Chini yake: na hongera kwa mkalimani. Mama wa chai kaweka mioyo.

Nimemjibu kwa aya tisa. Dole gumba.

Jumapili, 18 Mei

Leo jubilei. Wanawake wote wa parokia wamevaa Padri. Mstari baada ya mstari wa Padri. Yuliana peke yake kavaa gauni la buluu. Nikamweleza kwamba kitenge chake kimeokoa ndege, na kwamba sasa kimo ndani ya masharti ya mkataba. Hajanijibu tangu hapo. Jioni kamwambia Nassibu, juu ya ukuta, amwambie mwenzake chai ipo mezani. Nassibu kaniambia. Nikamwambia amwambie asante. Kamwambia.

Mtu dhaifu angevunjika moyo. Mie nimefikiri.

Kesho ndiyo safari ya kwanza. Kapteni Tupokigwe mbele, Mzee nyuma, mie katikati. Kila neno linapita kwangu! Mzee akisema mwambie rubani anarusha vizuri, nitapeleka kwamba Mzee anauliza kama Kapteni Adelard hawezi kushika usukani kidogo. Wanasikiana, najua. Lakini hawawezi kukiri kwamba wanasikiana! Mwanya ndio huo. Mwezi mmoja tu, na kiti cha kushoto ni changu kwa maombi ya mteja mwenyewe. Sioni kasoro. Nimeipitia mara tatu, sioni.

Na kuna soko kubwa zaidi. Nimelianzia tangazo leo usiku, mwanzo wake huu hapa. Nyie baba wakwe wa Kinondoni, Temeke na Ubungo! Nyie mnaojificha nyuma ya gazeti kila mkwe anapopita na sinia! Mnaokaa sebuleni mnataka kuuliza hali ya mjukuu na hamna pa kuanzia! Acheni woga. Njooni na mashamba yenu. Si kwenye jeti, huko mtafungiwa mlango na mtalala. Kodisheni pangaboi, kaeni nyuma ya kitambaa, semeni nami nitafikisha. Na kabla hamjalipa, ulizeni ni nani anayekaa kushoto. Wakitaja jina lisilo Adelard, kataeni kupanda mizani.